Mpira wa kulishia umechomoka, umerudishiwa nyumbani: nimlishe mama mkwe au nisimlishe?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Mama mkwe wangu alipata kiharusi, akalazwa, akaruhusiwa akiwa bado hawezi kumeza. Tulirudi naye nyumbani na mpira wa kulishia puani. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alinielekeza harakaharaka, wodi imejaa ndugu waliokuja kuona wagonjwa wao, nami nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" tu, tukaondoka na bajaji. Tangu hapo ninayemlisha ni mimi, maana mume wangu anatoka alfajiri na kurudi usiku.

Mambo yalikuwa yanakwenda. Ijumaa usiku mama akaushika mpira akauvuta. Asubuhi nikakuta umetoka karibu wote, plasta inaning'inia shavuni. Hospitali ni mbali na kila ukienda ni hela, kwa hiyo mume wangu akamwita kijana wa duka la dawa hapa mtaani, ambaye amewahi kufanya kazi zahanati. Akausukuma uleule ndani. Mama alikohoa sana, machozi yakamtoka, kisha akatulia. Kijana akapuliza hewa kwa bomba la sindano huku ameweka sikio tumboni, akasema, "Imelia, uko tumboni." Akatumbukiza na mdomo wa mpira kwenye kikombe cha maji, akasema hakuna mapovu, basi hauko kwenye mapafu. Tukamlipa na kumshukuru.

Tangu siku hiyo mama anakohoa, hasa usiku, na kifua kinakoroma. Jana mwili ulikuwa wa moto. Nimeendelea kumpa uji kama kawaida, nikiogopa kwamba nikiacha atakufa njaa.

Wifi yangu anayekaa Tabata kila akija huja na maneno. Anasema huo mpira ndio unaommaliza mama, kwamba wote aliowaona na mpira puani hawakupona, hivyo tuutoe na tumpe uji kwa kijiko kidogokidogo. Juzi nimemkuta anamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, ati midomo imekauka. Nikimkataza anasema nataka kumtesa mama yake. Shemeji naye, siku mpira ulipoziba, alitaka tumimine soda izibue.

Mama, nimlishe au nisimlishe? Nitajuaje kama mpira uko mahali pake? Dawa zake za presha nazisaga zote pamoja na kuzichanganya kwenye uji, ni sawa? Na wifi nimwambie nini, maana ni mkubwa kwangu?

Mkwe wa Mbagala

Marahaba mwanangu.

Barua yako sikuingoja ifike siku ya safu. Nilikujibu siku ileile kwamba usipitishe kitu chochote kwenye huo mpira, si uji, si maji, si dawa, na umpeleke mama hospitali saa hiyohiyo. Nashukuru mlikwenda. Yanayofuata nayaandika kwa ajili yako mtakaporudi nyumbani, na kwa ajili ya nyumba nyingine za jiji hili zenye mgonjwa kama wako na mtu mmoja anayehangaika naye.

Nianze na kile kikohozi. Kooni, njia ya chakula na njia ya hewa zimepakana. Mimi na wewe tone la chai likipotea njia tunapaliwa, tunakohoa mpaka litoke. Aliyepata kiharusi kinga hiyo huwa imelegea. Mpira unaweza kuteremka kwenye njia ya hewa, akakohoa kidogo, akatulia, na nyumba nzima ikaona umekubali. Wengine hawakohoi kabisa. Uji ukishamiminwa hapo unakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, na kinachofuata ni hayo uliyoyaandika: kifua kukoroma, kikohozi cha usiku, homa. Hata mpira ukiwa umefika tumboni, mgonjwa akilishwa amelala chali chakula kinaweza kupanda na kumwingia mapafuni, na dalili zikawa hizohizo. Nyumbani huwezi kutofautisha, na ndiyo maana hiyo ni safari ya hospitali.

Kukosa mlo mmoja au miwili njiani hakumuui mtu. Uji kwenye mapafu unaweza kumuua. Kama mgonjwa ana kisukari na anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mweleze daktari mara tu mnapofika kwamba hajala.

Sasa huyo kijana. Simsemi vibaya, nia yake ilikuwa njema, na vipimo vyake viwili vimetumika wodini kwa miaka mingi. Nimeviona kwa macho yangu. Lakini vyote viwili vinadanganya. Ukipuliza hewa, sauti husafiri mwilini. Mpira ukiwa sehemu ya chini ya pafu, mlio wake unaweza kusikika juu ya tumbo vilevile. Mapovu nayo hayana maana: mpira ulio tumboni unaweza kutoa mapovu kwa sababu tumbo lina hewa, na ulio kwenye njia ya hewa unaweza kukaa kimya kwa sababu tundu lake limegusa ukuta. Huko Uingereza tahadhari ya kitaifa ilitolewa mwaka 2005 kwamba njia hizi zisitumike kabisa, na kumlisha mgonjwa kupitia mpira ulioingia mapafuni kunahesabiwa kati ya makosa ambayo hayapaswi kutokea hata mara moja.

Kinachoaminika ni asidi ya tumbo. Kabla ya kila mlo, kabla ya kila dawa, na baada ya kutapika au kukohoa kwa nguvu, unaunganisha bomba kubwa la sindano la ml 50 au 60 (lisilo na sindano, bila shaka), unavuta polepole mpaka majimaji kidogo yatoke. Unadondosha tone kwenye karatasi ya pH, yaani ya kupimia ukali wa asidi (namba ikiwa ndogo, asidi ni kali), unasubiri rangi, unailinganisha na ile iliyochorwa kwenye boksi. Ikisoma 5.5 au chini yake, lisha. Ikizidi hapo, usilishe. Karatasi ziwe za pH zenye namba; litmasi ya buluu ya maabara za shule haitoshi, maana haitofautishi vizuri maji ya tumbo na makohozi. Hata maji ya kusafishia mpira usiyatangulize kabla hujapima.

Watu wengi hukwama hapa: unavuta, hakuna kinachotoka. Usiogope na usilazimishe. Mgeuze mama alalie ubavu wa kushoto, subiri kama dakika 15 hadi 30, vuta tena. Bado hakuna, sukuma hewa kidogo, ml 10 hadi 20, ili ncha ijitenge na ukuta wa tumbo, kisha vuta. Hiyo hewa ni ya kusogeza ncha tu. Usitege sikio, usitafute mlio. Ikishindikana kabisa, mlo huo unasimama na mnakwenda hospitali, ambako picha ya eksirei itaonyesha ncha iko wapi.

Namba ikiwa juu ya 5.5, huenda mama amelishwa muda si mrefu, au anatumia omeprazole, ambayo hupunguza asidi. Subiri saa moja bila kumpa kitu, upime tena. Kama anatumia omeprazole kila siku, waulize hospitali kabla hamjaondoka mtafanyaje, kwa sababu jambo hili litakusumbua kila asubuhi.

Pamoja na karatasi kuna macho yako. Mpira una alama za sentimita. Namba iliyokuwa ukingoni mwa tundu la pua siku ulipowekwa na kuthibitishwa, iandike ukutani kwa maandishi makubwa. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 50 na 60, lakini inayokuhusu ni ya mama. Namba hiyo ikibadilika, usilishe. Mfungue mdomo umulike kwa tochi ya simu, maana mpira wakati mwingine hujikunja nyuma ya ulimi huku nje unaonekana salama. Macho hayachukui nafasi ya karatasi, ila yanaweza kukukataza kabla hujaanza.

Na ukichomoka, hata nusu, haurudishwi nyumbani na mtu yeyote. Si na wewe, si na kijana wa duka la dawa, si na jirani aliyestaafu uuguzi, na mimi ni mmoja wao. Kama uko nusu, zima mlo, utoe plasta na uuvute wote taratibu ikiwa hospitali walikuelekeza hivyo. Vinginevyo ubandike ulivyo usisogee, mwende. Wazee wengi huvuta mpira kwa sababu plasta inawasha au pua inauma, kwa hiyo badilisha plasta kila siku, safisha na kausha ngozi, sogeza kidogo mahali mpira unapoegemea ili pua isichubuke. Usiku pitisha mpira nyuma ya sikio na uubane kwenye nguo begani, usiachwe ukining'inia mbele ya mkono wake mzima.

Kulisha kwenyewe: mama awe amekaa, au kichwa na kifua vimeinuliwa angalau nyuzi 30 hadi 45, mito mitatu migumu nyuma ya mgongo, si kichwani peke yake. Abaki hivyo mpaka saa nzima baada ya mlo. Toa kile kisukumio cha bomba, mimina uji, ushike juu ya usawa wa tumbo uteremke wenyewe. Ukiona unakwenda kasi, shusha mkono. Najua una watoto wa kuandaa na jiko linakusubiri, lakini uji uliosukumwa kwa nguvu hurudi juu. Mlo wa kawaida uchukue dakika 20 hadi 30. Akianza kukohoa, kubadilika rangi ya midomo au kuhema, simamisha hapohapo. Ukimaliza, pitisha maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kama ml 30, ili mpira usibaki na uji ndani. Kwa mtoto vipimo ni vingine, vidogo zaidi, na wanaomtibu ndio wa kuvisema.

Uji nao una kisa chake. Mpira ni mwembamba, kwa hiyo watu huongeza maji mpaka uji unakuwa maji ya rangi. Mgonjwa anajaa tumbo na anakonda. Nenda kwa mtaalamu wa lishe wa hospitali, umwambie unga ulio nao, maziwa unayoweza kununua na fedha ya siku, akupangie vipimo. Muulize pia kuhusu kimea cha ulezi, ambacho bibi zetu walikijua vizuri. Ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, una kimeng'enya kinacholegeza wanga. Unapika uji mzito, unauacha upoe hadi uwe vuguvugu, unakoroga kijiko cha unga wa kimea, na baada ya muda mfupi uji mzito unalegea bila kuongezewa maji. Usikiweke uji ukiwa unachemka, utakiua kimeng'enya. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena kidogo, maana unga wa kimea ni mbichi. Chuja kwa chujio la chai mara mbili, upoe kabisa. Uji uliokaa nje kwa joto hili la Dar usizidi muda wa saa mbili, na ule wa kwenye friji umalizike ndani ya siku moja. Umeme ukikatika usiku mzima, umwage asubuhi, hata kama roho inauma.

Kuziba: usiweke soda, wala juisi ya nanasi, wala spoku ya baiskeli. Asidi ya soda ikikutana na maziwa huyagandisha, na ndani ya mpira ndiko hutaki mgando. Maji ya uvuguvugu, bomba kubwa, vuta na sukuma kwa upole, acha dakika 15 au 20, rudia. Bomba dogo lina nguvu kubwa kuliko linavyoonekana na linaweza kupasua mpira. Ikigoma, hospitali.

Dawa za presha ndizo zilizonistua kuliko yote katika barua yako, baada ya kikohozi. Angalia boksi. Ukiona jina la dawa limefuatiwa na "SR", "XR", "LA" au "retard", kama nifedipine nyingi zinazouzwa madukani kwetu, hicho kidonge kimetengenezwa kiachie dawa taratibu kwa saa nyingi. Ukikisaga, dozi yote inaingia kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka vibaya, kwa mtu ambaye ubongo wake umetoka kukosa damu. Aspirini yenye "EC", yaani iliyovikwa ganda ili isiyeyukie tumboni, nayo haisagwi. Peleka boksi zote kwa mfamasia, si majina kwenye karatasi, uulize kila moja ina mbadala gani wa maji au wa kusagika. Zinazoruhusiwa unasaga laini kabisa, moja baada ya nyingine, kila moja na maji yake, na unasafisha mpira kwa maji kati ya dawa na dawa. Usiziweke kwenye uji. Zinaziba, na mama akitapika hujui alibakiza nini.

Turudi kwa wifi. Kuhusu midomo kukauka ana haki, mwanangu, na usimnyang'anye hiyo. Kinywa kisichopitisha chakula hukauka na kuchafuka haraka, na uchafu huo ukiteremka mapafuni huleta nimonia. Mpe hiyo kazi. Mswaki laini asubuhi na jioni, dawa ya meno kidogo, mama akiwa amekaa na kichwa kimeinama mbele, kitambaa safi chenye unyevu cha kufutia, mafuta kidogo midomoni. Kitambaa kiwe na unyevu, kisichuruzike maji. Kile kifuniko cha chupa akiweke mbali, kwa sababu maji matupu ni rahisi kumpalia mgonjwa wa kiharusi kuliko hata uji, na anaweza kupaliwa bila kukohoa.

Kwamba mpira unamaliza watu: yeye amewaona wagonjwa mahututi, maana ndio wanaowekewa mara nyingi, akauhesabia mpira ugonjwa wao. Wengi waliopata kiharusi hurudiwa na kumeza ndani ya wiki chache, na mpira unatolewa. Ila anayeamua kwamba mama ameanza kumeza ni daktari au muuguzi aliyefundishwa kupima kumeza, si kijiko cha majaribio Jumapili. Mpangieni kliniki ya kumpima tena. Ikipita wiki nne hadi sita bado hamezi, ulizeni habari ya kuwekewa njia ya kulishia kupitia ngozi ya tumbo, maana mpira wa puani haukutengenezwa kwa ajili ya miezi. Ulizeni pia mliowekewa ni wa aina gani: ile migumu ya plastiki ya bei nafuu hubadilishwa baada ya siku kama 7 hadi 10, mingine laini hukaa wiki kadhaa.

Wewe usimwambie wifi yote haya. Ni mkubwa kwako, atasikia ukaidi. Mwambie mumeo awe yeye wa kusema na dada yake, na siku ya kliniki aende naye, asikie kutoka kwa daktari. Na mumeo mwenyewe ajifunze kupima na kulisha. Ni mama yake mzazi. Mlo wa saa nne usiku, anaporudi kazini, uwe wake, nawe ulale.

Safari hii msitoke wodini kwa "ndiyo, ndiyo". Mwombe muuguzi umlishe mama wewe mwenyewe mbele yake, kuanzia kuvuta majimaji mpaka kusafisha mpira, naye akukosoe. Wodi ikiwa imejaa, subiri wageni watoke. Muulizeni namba ya simu ya wodi, namba ya sentimita, tarehe ya kubadilisha mpira, na mahali pa kununua karatasi za pH na bomba la akiba. Wifi akiuliza achangie nini, mpeni hizo karatasi.